Kabla ya kukata viungo vya Excel, viorodheshe kwanza

Lile dirisha linalouliza kama usasishe viungo, yaani fomula zinazosoma namba kutoka mafaili mengine, unapofungua faili la Excel limewazoesha watu kubonyeza tu ili lipite. Ukikataa kusasisha, fomula hazionyeshi kosa lolote. Zinabaki na namba zilizohifadhiwa mara ya mwisho, na ripoti inatoka ikiwa nadhifu, takwimu zake za zamani.

Viungo vitatu utavimudu kwa mkono kupitia menyu ya Data. Vikifika thelathini, andika makro, yaani programu fupi ya VBA inayofanya kazi hiyo ndani ya Excel. Ila makro ya kwanza isibadilishe kitu. Kazi yake iwe kuorodhesha tu. Amri ya LinkSources, ukiipa aina xlExcelLinks, hurudisha jina na njia (anwani ya mahali lilipo) ya kila faili linalotegemewa. Makro iandike kila njia kwenye mstari wake katika karatasi mpya, na pembeni, kwa msaada wa Dir, amri inayotafuta faili kwenye diski, ionyeshe kama faili hilo bado lipo. Njia zinazoanza na https ziruke, maana Dir haizielewi. Pia pima kwa IsEmpty, inayoangalia kama jibu ni tupu, kabla ya kuanza: pasipo na kiungo hata kimoja, LinkSources haikupi orodha, na makro itakwama hapo hapo.

Orodha hiyo hufichua mengi. Utakuta folda ya mwaka juzi, au diski ya mtu aliyekwisha kuhama idara.

Mafaili yakihamishwa, ChangeLink hubadilisha njia ya zamani kuwa mpya katika fomula zote kwa mkupuo. Hapa ndipo pa kuwa macho. Amri hii hubadilisha faili tu, anwani ya seli haiigusi. Fomula iliyokuwa ikisoma D14 itaendelea kusoma D14, hata kama katika faili jipya kuna mtu ameingiza mistari miwili juu na jumla uliyoitaka sasa iko D16. Hutaona kosa, utaona namba nyingine. Dawa ni kuipa jina ile seli ya jumla katika faili la chanzo na kuiunganisha kwa jina hilo, kwani jina husogea pamoja na seli yake.

BreakLink, amri ya kukata viungo, iache iwe ya mwisho. Huzifuta fomula na kuacha thamani zake, na Ctrl+Z haitakurudisha nyuma, kwa hiyo tunza nakala ya faili kwanza. Tena haimalizi kila kitu: kiungo kilichojificha ndani ya kanuni za uhakiki wa data (Data Validation) au umbizo la masharti (Conditional Formatting) kinaweza kubaki, na lile dirisha litarudi.

Makro yenyewe iweke katika faili lake la xlsm (aina ya faili la Excel linalobeba makro), si ndani ya faili unalolikagua, na utumie ActiveWorkbook (faili lililo mbele yako) badala ya ThisWorkbook (faili lenye makro). Vinginevyo itakuwa inajikagua yenyewe, na kila siku itakuambia hakuna kiungo.