Kubuni papo kwa papo katika jazi si kubahatisha

Wengi huamini kwamba mwanamuziki wa jazi anapopiga peke yake hubahatisha tu sauti zozote zinazomjia, dhana ambayo hunisikitisha kila ninapoisikia. Katika rekodi ya "Giant Steps" ya mwaka 1959, John Coltrane, aliyekuwa ameyafanyia mazoezi marefu mabadiliko ya kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za wimbo huo, anapita humo na saksafoni yake bila kusita, ilhali Tommy Flanagan, mpiga piano hodari kwelikweli, anaanza zamu yake kwa vifungu vifupi vilivyokatikakatika, kisha anaishia kupiga kodi tupu. Flanagan hakukosa kipaji. Alikosa muda wa kuyazoea mabadiliko hayo yanayokwenda mbio. Mwaka 1982 aliurekodi tena wimbo huohuo, na safari hiyo vidole vyake vilitiririka.