Lori likigusa gari nyengine maegeshoni: piga picha kabla hamjasogeza

Lori likipiga rivasi hapa Unguja, Malindi au Mwanakwerekwe, na mkia wa bodi ukaikwaruza gari iliyosimama, kitu cha kwanza kufika ni watu. Anakuja mchukuzi, anakuja mwenye duka, na kabla dereva hajashuka kila mtu anapiga kelele: "Sogezeni hizo gari, mnaziba njia!" Lori linasogezwa. Mwenye gari anapitisha kiganja pale palipochubuka na kulifuta vumbi, wanapeana mikono, yamekwisha. Wiki ijayo wananijia wote wawili, kila mmoja na maelezo yake, nami natakiwa niseme nani alimgonga nani na kilichoharibika ni nini khasa.

Kazi yangu ni kutathmini hasara za magari kwenye madai ya bima. Madai yanayonisumbua zaidi ni haya madogo ya maegeshoni, kwa sababu alama zake ni chache na zinafutika haraka. Wala sipingi watu kumalizana wenyewe. Sisi ni watu wa kuoneana haya, na mara nyingi suluhu ya papo hapo ni bora kuliko kuvutana miezi. Ninachoomba ni picha zitangulie, maelewano yafuate.

Kwanza lazima tuelewe kwa nini lori linagusa na dereva hana habari. Dereva wetu anakaa kulia, kwa hiyo ubavu wa kushoto na nyuma ya bodi ni giza kwake, vioo vinamsaidia kidogo tu. Halafu kuna mkia, ile sehemu ya bodi inayozidi nyuma ya tairi za nyuma. Ukikata kona kali kwenda kushoto ukitoka maegeshoni, mkia unajitupa kulia, na wakati huo macho yako yako mbele na kushoto. Kenta, lile lori dogo, iliyopakia mchanga inaweza kukunja mlango wa gari ndogo na dereva asihisi chochote kwenye usukani. Dereva anayeapa kwamba hakuigusa gari ya mtu mara nyingi anasema anachokiamini. Taniboi, msaidizi wa dereva, ashuke, akae pahala anapoonekana kwenye kioo, na asipoonekana dereva asimame.

Sasa imeshagusa. Zima lori, washa taa za hatari, hakikisha hakuna aliyeumia. Akiwepo aliyeumia, hata kama ni mguu tu wa mchukuzi, hiyo si ajali ndogo tena: polisi waitwe, na majeruhi apatiwe PF3, fomu ya polisi ya kwendea hospitali.

Kama ni mabati tu, toa simu. Anza mbali. Simama hatua kumi hivi nyuma, upate gari zote mbili pamoja na kitu kisichohama: nguzo ya umeme, ukuta wa duka, mwembe. Zunguka upige hivyo hivyo kutoka kila pembe. Kisha piga tairi za mbele za kila gari, zionekane zimekatwa upande gani. Watu wengi hukimbilia kupiga bonde la kwenye mlango wakasahau tairi na ardhi, na huko ndiko kuliko na habari. Mkwaruzo wenyewe unanionesha mwelekeo: rangi iliyoparurwa hujikusanya mwisho wa mkwaruzo. Lakini haunioneshi nani alikuwa anakwenda na nani amesimama. Hilo nalipata kwenye vipande vya taa vilivyoanguka, kwenye alama za tairi mchangani na kwenye vitu vilivyo chini ya gari.

Kuna dai moja ambalo dereva wa lori alishikilia kwamba ile gari ndogo ndiyo iliyorudi nyuma ikamfuata. Mashahidi walikuwa wamegawika. Kijana wa duka la vifaa vya ujenzi alikuwa na picha moja, aliyoipiga kwa ajili ya taa iliyovunjika tu. Nikaikuza. Pembeni kabisa, nyuma ya tairi ya nyuma ya ile gari ndogo, palikuwa na jiwe la matumbawe, lile tunaloliweka gari ikisimama kwenye mteremko. Jiwe limebanwa sawasawa na tairi, na majani makavu yamejikusanya mbele yake. Gari hiyo isingeweza kurudi nyuma hata hatua moja. Lau wangeisogeza kwanza, jiwe lingetupwa kando na sisi tungebaki kuapishana.

Baada ya picha za mbali ndipo usogelee. Weka kalamu au sarafu ya shilingi 200 kando ya mkwaruzo ili ukubwa wake ujulikane. Bonde usilipige uso kwa uso, khasa jua la mchana, litapotea kwenye mng'aro. Piga ukiwa ubavuni, uone jinsi kivuli kinavyopinda. Na usifute kitu. Ile rangi ya buluu ya bodi iliyobaki kwenye mlango mweupe ni ushahidi, na watu huifuta kwa kitambaa kana kwamba ni uchafu.

Halafu pima urefu kutoka ardhini: mkwaruzo uko juu kiasi gani kwenye gari ndogo, na ukingo uliogusa uko juu kiasi gani kwenye lori. Hili lifanyike kabla ya kupakua. Lori lenye saruji limekaa chini. Ikishateremshwa mifuko, springi zinanyanyuka na bodi inapanda kwa sentimita kadhaa. Ukija kupima kesho lori likiwa tupu, alama hazitalingana, na asiyetaka kulipa ameshapata pa kushika. Andika lilipakia nini na mifuko mingapi, kwani mfuko wa saruji una kilo 50 na hesabu inafanyika.

Haraka hii ina sababu nyengine ya kwetu visiwani. Bati lililochubuliwa hewa ya chumvi hailipi muda. Linaanza kugeuka rangi ya chungwa upesi sana, na masika ndiyo kabisa. Mtathmini akiliona baada ya wiki, anakuta kutu na ana haki ya kuuliza kama si jeraha la zamani. Picha ya siku ile, bati likiwa bado linang'aa, inamaliza suala hilo. Ukiona puti, ule udongo wa kuzibia mabonde chini ya rangi, imepasuka na kudondoka vipande, ipige pia wala usiifiche. Itajulikana tu fundi bodi akianza kazi.

Picha asili zibaki kwenye simu yako. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuondoa taarifa za saa na mahali, kwa hiyo mtumie mtathmini kama faili. Kama duka au hoteli ya jirani ina kamera, kamuombe mwenyewe siku hiyo hiyo, maana rekodi mpya hufuta za zamani.

Kwenye karatasi andikeni tarehe, saa, pahala, namba za gari, iwe ya Z au ya T iliyovuka na meli kutoka Bara, leseni za madereva na simu za mashahidi wawili. Stika ya bima ihakiki kwa namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, usitosheke na karatasi unayooneshwa. Na kumbuka kwamba bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, inamlipa uliyemgonga. Bampa yako wewe haiitengenezi.

Dereva aseme "pole sana, ndugu yangu", aseme kwa moyo. Lakini asisaini kwamba kosa ni lake wala asiahidi kiasi, kwa sababu mikataba mingi ya bima inakataza kukiri au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Apige simu kwao kwanza.

Na mwenye gari iliyogongwa asisaini kwamba hana dai tena mpaka fundi afungue. Bampa ya plastiki hurudi umbo lake ikaonekana nzima, kumbe chuma cha nyuma yake kimepinda na rejeta imesukumwa. Kenta nayo, ikigongwa mbele, inyanyuliwe kabini ionekane kama inafunga sawasawa kabla haijarudi barabarani. Mkitaka kumalizana hapo hapo, andikeni hivi: "Nimepokea shilingi kadhaa kwa ajili ya mlango na rangi. Nyuma ya bampa bado hapajafunguliwa, kitakachoonekana tutakizungumza." Nyote wawili msaini, kila mmoja abaki na nakala.