Kocha wa bingwa si lazima awe kocha bora

Wengi humpima kocha wa gofu kwa mataji ya mwanafunzi wake. Kipimo hicho kina walakini. Mchezaji Tiger Woods alitwaa mataji makubwa 8 akiwa na kocha Butch Harmon, kisha 6 akiwa na Hank Haney, aliyembadilishia namna ya kuzungusha fimbo. Mwaka 2019 akashinda Masters, mojawapo ya mataji hayo makubwa, bila kocha wa kudumu. Sasa sifa tumpe nani? Isitoshe, kabla ya kukutana na Harmon alikwishakuwa bingwa wa vijana wa Marekani.

Mfano wenye uzito zaidi, kwangu mimi, ni wa Mwingereza Nick Faldo. Mwaka 1985 alianza kuujenga upya mpigo wake na kocha David Leadbetter. Matokeo yakadorora, watu wakamcheka, hadi aliposhinda British Open, taji jingine kubwa, mwaka 1987. Aliyemhukumu Leadbetter mwaka 1986 angemwita mharibifu.

Hata hivyo Faldo alikuwa na muda wa kupiga mamia ya mipira kila siku. Mchezaji wa wikendi hana. Kwa mchezaji huyo, kipimo kiwe hiki: muulize kocha wanafunzi wake wa kawaida wamepunguza mapigo mangapi, maana katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi.