Je, vitamini ikizidi mwilini huishia tu kwenye mkojo?

Ukimeza kidonge cha vitamini B mchanganyiko asubuhi, baada ya saa chache mkojo hugeuka njano kali, karibu kung'aa. Rangi hiyo ni ya riboflavini, yaani vitamini B2, ambayo yenyewe ni ya njano. Mtu mzima huhitaji kama miligramu 1.1 hadi 1.3 kwa siku, lakini vidonge vingi vya aina hiyo hubeba 50 au hata 100, na utumbo hauwezi kufyonza zaidi ya 27 hivi kwa mara moja. Kati ya kilichofyonzwa, mwili huchukua haja yake na figo hutoa kilichobaki.

Wapo wanaouona mkojo huo wakasema kidonge kinafanya kazi. Wengine husema hasara ni ya pesa tu, kwa kuwa mwili unajua kutoa usichokihitaji. Rangi haithibitishi lolote kati ya hayo. Ila wazo la pili ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu nusu yake ni kweli, na watu huongeza dozi kwa kuliamini.

Nusu iliyo kweli inaonekana vizuri kwenye vitamini C. Haipenyi ukuta wa utumbo yenyewe. Hubebwa na protini maalumu. Fikiria kivuko chenye viti vya kuhesabika. Abiria wakiwa wachache, wote wanavuka bila tabu. Wakifurika, viti haviongezeki, na wengi huachwa gatini. Ndiyo maana dozi ya miligramu 200 hufyonzwa karibu yote, lakini ukipita 1,000 kwa mkupuo, inayofyonzwa hushuka chini ya nusu. Iliyoachwa hubaki ndani ya utumbo ikivuta maji, na hapo ndipo wanaomeza dozi kubwa huanza kuharisha.

Waliovuka nao wanakutana na kivuko cha pili, kwenye figo. Figo huchuja damu, kisha protini za aina ileile hurudisha vitamini C kwenye damu isipotee. Viti vya huko vikijaa, iliyozidi hutoka na mkojo. Kwa hiyo kwa mtu mwenye afya, kiwango cha vitamini C katika damu karibu hakipandi tena anapofikisha miligramu 200 hadi 400 kwa siku. Anayemeza 1,000 na anayemeza 2,000 damu zao hazitofautiani sana.

Lakini kutoka si sawa na kutoka bila kugusa kitu. Sehemu ya vitamini C mwilini huvunjwa kuwa oksaleti, na oksaleti ikikutana na kalisi kwenye mkojo huweza kufanya mawe ya figo. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wanaume zaidi ya 23,000, na waliotumia vidonge vya vitamini C walipata mawe hayo takriban mara mbili ya wasiotumia. Ulikuwa utafiti wa kufuatilia watu tu bila kuwagawia vidonge, kwa hiyo hauthibitishi kuwa vidonge ndivyo vilivyosababisha. Hata hivyo, aliyewahi kupata mawe ya figo ana sababu nzuri ya kuachana na dozi kubwa.

Vitamini B6 inalivunja wazo hilo waziwazi zaidi. Nayo huyeyuka kwenye maji na hutoka kwa mkojo, lakini ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu huharibu neva: ganzi miguuni na mikononi, na mwendo wa kuyumba. Mahitaji ya siku hayafiki miligramu 2. Wagonjwa wa kwanza kuelezwa, mwaka 1983, walikuwa wakimeza gramu 2 na zaidi kila siku. Dozi ndogo kuliko hizo nazo zimetajwa, ingawa kiwango salama bado kinabishaniwa: Marekani kikomo ni miligramu 100, Ulaya kimeshushwa hadi 12.

Kwa vitamini A, D, E na K, njia ya mkojo haipo kwa maana hiyo. Hizi huyeyuka kwenye mafuta na huhifadhiwa kwenye ini na kwenye mafuta ya mwili. Vitamini A ikirundikana huumiza ini, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vitamini D ikizidi sana hupandisha kalisi kwenye damu.

Kisa kinachonishangaza kuliko vyote ni cha betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Watu waliokula matunda na mboga kwa wingi walionekana kupata saratani ya mapafu mara chache zaidi, ikadhaniwa betakarotini ndiyo kinga. Finland wakaijaribu kwa wanaume 29,133 waliovuta sigara. Matokeo yakatoka mwaka 1994: waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Jaribio jingine la Marekani, lililochanganya betakarotini na vitamini A, lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake, ongezeko likiwa asilimia 28. Maelezo yapo, mojawapo likiwa kwamba betakarotini huharibika ndani ya pafu lenye moshi na kuzaa kemikali zenye madhara, lakini hakuna lililokubalika na wote. Dozi zile zilikuwa kubwa na waliodhurika walikuwa hasa wavutaji, kwa hiyo karoti haina kesi hapa.

Je, basi vidonge havifai? Kwa baadhi ya watu vinafaa sana. Asidi ya foliki, yaani vitamini B9, ndiyo mfano wa wazi: jaribio la mwaka 1991 kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro kama ya mgongo wazi lilionyesha kuwa inapunguza hatari ya kasoro hizo kurudi kwa asilimia 72. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga kama siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wengi wakiwa hawajajua kuwa ni wajawazito, ndiyo maana mikrogramu 400 kwa siku hushauriwa zianze kabla ya mimba. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji B12. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi apimwe B12. Madini chuma yafuate kipimo cha damu.

Kwa mtu mzima asiye na upungufu, jopo la wataalamu wa kuzuia magonjwa nchini Marekani lilipitia ushahidi mwaka 2022 likaona hautoshi kusema vidonge vya vitamini mchanganyiko vinazuia saratani au ugonjwa wa moyo. Betakarotini na vitamini E likashauri zisitumike kwa lengo hilo. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari ni hili: ni kirutubisho kipi ninachokosa, na tumejuaje?

Na ukienda kupimwa damu, taja kila kidonge unachomeza. Biotini, inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, ikiwa nyingi inaweza kuvuruga kipimo cha troponini, protini inayoonyesha kuwa moyo umeumia, na kufanya mtu mwenye shambulio la moyo aonekane hana. Huvuruga pia vipimo vya tezi ya shingo, na maabara nyingi hutaka iachwe siku mbili au zaidi kabla ya damu kuchukuliwa.