Umetoka ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na unakojoa vizuri: je, figo zimepona?

Figo kufeli ghafla ni nini?
Ni figo kushindwa kuchuja damu ndani ya saa au siku chache. Kwa mgonjwa mahututi, mara nyingi presha ilishuka mno, maambukizi yaliingia kwenye damu, au mwili uliishiwa maji.

Nilisafishwa damu mara tatu, wakaacha. Sasa nakojoa vizuri. Si nimepona?
Hapana. Kukojoa vizuri si kupona. Figo iliyoumia inaweza kutoa mkojo mwingi, mweupe kama maji, huku uchafu ukibaki kwenye damu. Chooni huwezi kuliona hilo. Linaonekana maabara.

Lakini siku ya kuruhusiwa kreatini ilikuwa ya kawaida.
Kreatini ni uchafu wa kwenye damu ambao figo huutoa, na hutoka kwenye misuli. Ukilala kitandani wiki tatu, mapaja yakabaki ngozi na mfupa, namba inashuka hata kama figo bado ni mbovu. Usiiamini peke yake.

Nirudi lini?
Kama ulitoka na kreatini iliyo juu, ndani ya wiki 1 hadi 2. Wengine wote, baada ya miezi 3. Vipimo ni kreatini, protini kwenye mkojo, presha. Hata kama unakojoa vizuri. Hasa wewe unayekojoa vizuri, maana ndiye unayepotea, tukakuona tena umevimba miguu na uso.

Natoka Rombo, nauli ya kufika Moshi mjini sina.
Ulizia hospitali ya wilaya yako, nyingi zinapima. Nenda na karatasi ya kuruhusiwa. Bila namba za zamani, daktari hana cha kulinganisha.

Kiuno kikiuma nimeze nini?
Si diklofenaki, si ibuprofeni, si meloksikamu, wala vile vidonge vya rangi rangi unavyofungiwa kwenye karatasi duka la dawa. Hizo dawa hubana mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Mtu mzima ameze parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 8. Muuzaji umwambie kabisa: "Figo zangu ziliwahi kufeli."

Na supu ya mizizi na magome?
Acha. Hakuna anayejua kipimo chake, na baadhi ya mitishamba huumiza figo. Magadi kwenye kiburu (ndizi na maharage) nayo yapunguze, yana sodiamu kama chumvi, na sodiamu hupandisha presha.

Nikiharisha au kutapika?
Nenda kituoni siku hiyohiyo. Kama unatumia dawa za presha kama losatani na enalaprili, au dawa ya kukojosha, uliza kabla ya kumeza dozi inayofuata. Usisubiri mkojo upungue.