Usikate ukingo wa pakiti: kazi halisi ya msimbomilia kwenye dawa

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu yamebadilika. Zamani mtu alileta dawa iliyobadilika harufu, kidonge kilichomeguka, au dawa ya maji iliyojitenga ndani ya chupa. Siku hizi analeta simu. Ameelekeza kamera kwenye msimbomilia wa boksi (bakodi, kama wengi wanavyouita), simu ikakaa kimya au ikaleta jina la bidhaa nyingine, naye ameshaamua kwamba ameuziwa dawa bandia. Wengine wameshamtukana muuzaji kabla ya kutufikia.

Nia ni njema, na tunawashukuru wanaokagua wanachonunua. Lakini programu hizo za simu hutafuta kwenye kumbukumbu zao zenyewe, ambazo hujazwa na mtu yeyote. Dawa isipoonekana humo, hakuna kilichothibitishwa. Ikionekana, hakuna kilichothibitishwa vilevile. Mistari ile ya kawaida hubeba namba ya bidhaa tu, na namba hiyo ni moja kwa maboksi yote ya dawa hiyo ya ujazo huo, hata yakiwa milioni. Mghushi akinakili boksi, ananakili na mistari yake.

Kuna pia ujumbe unaozunguka WhatsApp kila baada ya miezi michache, ukidai tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha nchi ilikotengenezwa bidhaa. Si kweli, na tumelisema hili mara nyingi kupita kiasi. Tarakimu hizo huonyesha ni tawi gani la GS1, shirika la kimataifa linalosimamia viwango hivi, lililoipa kampuni namba zake: 620 ni Tanzania, 616 ni Kenya, 890 ni India. Kampuni iliyosajiliwa Dar es Salaam inaweza kuweka 620 kwenye bidhaa iliyotengenezewa mbali kabisa. Hali kadhalika herufi GOT kwenye dawa za Bohari ya Dawa zinasema dawa hiyo ni mali ya Serikali, wala si cheti cha ubora. Usajili wa dawa ni kazi ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ubora hupimwa maabara.

Msimbo una kazi nyingine, nayo ni kutuwezesha kuifuata dawa ilikopita.

Chukua boksi lenye kimraba cha nukta nyeusi na nyeupe, kidogo kama ukucha. Pande zake mbili, wa kushoto na wa chini, zina mstari mweusi usiokatika. Hiyo inaitwa DataMatrix. Si QR, ambayo ina miraba mitatu kwenye pembe zake. Ndani ya kimraba hicho, kila taarifa hutanguliwa na tarakimu mbili za kuitambulisha: 01 hufuatiwa na tarakimu 14 za utambulisho wa bidhaa. 17 hufuatiwa na tarakimu sita za tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, hivyo 270831 ni Agosti 31, 2027, na 270800 ni mwisho wa mwezi huohuo. 10 ni namba ya toleo, yaani dawa zilizotengenezwa pamoja kwa mkupuo mmoja, na haizidi herufi na tarakimu 20. 21 ni namba ya pekee ya boksi moja, ambayo boksi jingine la dawa hiyo halina.

Hiyo namba ya pekee ndiyo inayoweza kumkamata mghushi, ila kwa sharti kwamba kuna kumbukumbu ya pamoja ya kuiuliza. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Februari 9, 2019, mfamasia huskani boksi kabla ya kulitoa, mfumo ukathibitisha namba na kuifunga. Namba ileile ikiskaniwa tena kwingine, kengele inalia. Pasipo kumbukumbu hiyo, namba imebaki boksini tu.

Namba ya toleo ina manufaa hata leo, hata kwenye zahanati isiyo na umeme. Aprili 2024 mamlaka ya Nigeria ilitangaza kukuta kiwango kikubwa cha diethilini glaikoli, kemikali inayoua figo, kwenye dawa ya maji ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini, toleo namba 329304. Mtengenezaji alisema vipimo vyake havikuikuta. Hata hivyo nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwamo, ziliagiza liondolewe sokoni, na kwa tahadhari ya namna hiyo hakuna wa kulaumiwa. Toleo hilo lilitengenezwa Mei 2021, na muda wake ulikuwa unaisha Aprili hiyohiyo ya 2024. Kwa hiyo chupa zake zilikuwa na karibu miaka mitatu ya kupita kutoka bohari hadi duka, na kutoka duka hadi kabati la nyumbani. Swali la siku kama hiyo ni moja: ziko wapi?

Niliwahi kushiriki kulitafuta toleo la dawa nyingine katika kituo kimoja. Muuguzi alinifungulia leja iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri sana. Safu ya namba ya toleo ilikuwa na namba moja juu, kisha alama za "kama hapo juu" kuanzia Machi hadi Oktoba. Katika muda huo mizigo mitatu tofauti ilikuwa imeingia. Kwenye dirisha la dawa kulikuwa na kopo la vidonge 1,000 lililobaki nusu, na bahasha ndogo za kaki zilizoandikwa 2 x 3. Namba ya toleo ilikuwa kwenye kopo. Wagonjwa walishaondoka na bahasha. Siku hiyo hatukumpata hata mmoja.

Kwa hiyo ninaomba mambo yafuatayo yafanyike, tena kwa mpangilio huu. Unapopokea mzigo, usiamini katoni. Fungua, linganisha namba ya toleo ya katoni, ya boksi la ndani na ya hati ya makabidhiano. Katoni ikiwa na matoleo mawili, kila toleo lipate mstari wake kwenye leja na idadi yake. Andika namba kama ilivyo: herufi O si sifuri, B si 8. Kama una kifaa cha kuskani, kijaribu kwanza kwa boksi unalolijua, maana kipo kinachomeza alama ya kutenganisha baada ya namba ya toleo, kisha kinaiunganisha na namba inayofuata. Unapokata pakiti ya vidonge, anzia upande usio na namba iliyogandamizwa ukingoni, na kipande chenye namba kitoke mwisho. Kwenye bahasha andika toleo chini ya jina la dawa. Ni sekunde tano.

Tangazo la kuondoa dawa likitoka, siku hiyohiyo acha kutoa toleo lililotajwa, litenge, libandike USITOE, lihesabu, tuma idadi. Usipokuwa nalo, tuma sifuri, kwa sababu kituo kilichokaa kimya hatuwezi kukitofautisha na kituo kinachoendelea kuuza. Mwenye duka atakayeendelea kutoa dawa iliyozuiwa anajiingiza kwenye Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219: mkaguzi atakamata mzigo kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, kibali kinaweza kusimamishwa, na shauri likifika mahakamani, "sikuona namba" haitamsaidia mtu ambaye leja yake haina namba.

Nanyi wananchi, boksi na kikaratasi chake vikae hadi dozi iishe. Mkisikia tangazo, msiangalie jina la dawa peke yake. Jina moja lina matoleo mengi na mengi yao hayana tatizo lolote. Tafuteni namba ya toleo kwenye lebo ya chupa au ukingoni mwa pakiti. Ikiwa ndiyo iliyotajwa, acheni kuitumia, msiimwage, rudisheni chupa kama ilivyo kwa mfamasia, hata ikiwa na kijiko kimoja tu. Kwa mtoto aliyekwisha kunywa, fikeni hospitali bila kusubiri dalili, mkiwa na chupa mkononi.