Dai gani ya kulodi risasi kubwa za uwindaji?

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, "fundi, ninunue dai za kampuni gani?" (dai ni kalibu ya chuma inayofungwa kwenye presi, mashine ya mkono ya kulodi, yaani kujaza upya maganda ya risasi yaliyofyatuliwa) na mimi kabla sijataja kampuni yoyote huwa nauliza kwanza bunduki yenyewe ni gani na unaenda kuwinda nini. Dai ya mtu anayelenga karatasi na dai ya mtu anayeingia kichakani kumfuata mbogo aliyejeruhiwa si kitu kimoja, hata kama kaliba (jina la saizi ya risasi) iliyoandikwa kwenye boksi ni ileile.

Tuwekane sawa kuhusu sheria. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na risasi hazishikwi bila cheti cha silaha, sembuse kuzitengeneza. Kwa hivyo naandikia wale wenye vibali vyao wanaowinda na kulodi kule kusini, Afrika Kusini na Namibia, ambako mwenye leseni anaruhusiwa kujaza maganda yake. Kazi yangu ni kukereza chuma hapa Industrial Area, wananiletea dai na presi ikikwama kitu ama wakitaka kipimo, so nitaongea chuma. Kiasi cha baruti utakitoa kwenye kitabu cha kampuni iliyoitengeneza na usiongeze hata chembe.

Ganda la shaba ukilifyatua linavimba mpaka linajaa chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu linamokaa, halafu linarudi kidogo tu. Dai ya kwanza ndiyo inalirudisha kwenye saizi, pini yake inasukuma fataki iliyokufa (kile kiwashio cha kitakoni) nje, na ukitoa ganda ile gololi iliyo kwenye pini inapita shingoni na kuipanua kiasi cha kushika kichwa kipya, kile kipande kinachoruka kwenda kwa mnyama. Dai ya pili inaketisha kichwa. Ganda lililonyooka, lisilo na bega (pale linapoanza kupungua kuelekea shingo), kama .45-70 linataka dai tatu, hiyo ya ziada inafungua mdomo kidogo ili kichwa kisikwangue shaba kikiingia.

Sasa kuna dai inayobana shingo pekee na kuna inayobana ganda lote. Ya shingo wapiga shabaha wanaipenda sana, shaba haichoki haraka na ganda linakaa vizuri kwenye chemba ileile lilimotoka. Kwa mnyama anayeweza kukuua mimi nasema hapana, kabisa. Ganda ambalo mwili wake haujabanwa linakuwa gumu kuingia kila ukilirudia, na siku ya jua kali na vumbi hutaki bolti, kile chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, inayogoma kufunga. Bunduki ya mitutu miwili ndiyo mbaya zaidi, hiyo inafunguliwa kwa kukunjwa katikati na kile kitoa-ganda chake hakina nguvu kama ya bolti, kwa hivyo ganda la .470 Nitro Express lililobana kwenye chemba linaweza kukuacha umesimama na mtutu usiofunguka mbele ya ndovu. Nunua ya kubana ganda lote.

Lakini kuwa nayo ni jambo moja na kuiseti ni jambo lingine, na hapa ndipo watu wanaharibu maganda ya pesa nyingi. Chukua .375 H&H Magnum, ilitoka 1912, kitako chake kina mkanda, ukingo mnene wa shaba, na mkanda uliwekwa kwa sababu bega lake limelala sana, halifai kusimamisha ganda mahali pake kwenye chemba. Mtu anasoma karatasi ya maelekezo, anateremsha dai mpaka iguse kishikio cha ganda, anaongeza robo mzunguko, basi. Dai inalirudisha bega nyuma sana. Bunduki haitalalamika kwa sababu mkanda unashika, ila kila ukifyatua bega linaruka mbele tena na shaba inavutika pale juu kidogo ya mkanda, inakuwa nyembamba, nyembamba, mpaka siku ganda linakatika vipande viwili na kipande cha mbele kinabaki ndani. Kwa macho utaona pete inayong'aa juu ya mkanda. Usingoje pete, nyoosha pepa klipu, kunja ncha yake kidogo, ipitishe ndani ya ganda ukiikwaruza ukutani kutoka chini kwenda juu, ukihisi mfereji pale juu ya mkanda hilo ganda limeisha, liponde na koleo ulitupe.

Kwa hivyo dai iseti kwa bega la chemba yako, mkanda usahau. Pima ganda lililofyatuliwa kwenye bunduki yako mwenyewe, kutoka kitako mpaka begani, na vernia (kipimo cha kuteleza) yenye kile kipande cha kushika bega. Rudisha dai juu mzunguko mmoja, bana ganda, pima, teremsha kidogo, bana tena. Unatafuta bega lirudi milimita 0.05 hivi, kwa uwindaji hata 0.1 sawa. Dai za kawaida zina thredi ya inchi 7/8 yenye meno 14 kwa inchi, maana yake mzunguko mzima unateremsha milimita 1.8, na hiyo 0.05 unayoitafuta ni kama nyuzi 10 tu za duara, kitu cha kugusa kwa kidole. Weka alama ya maka juu ya dai na juu ya presi uone unachofanya. Halafu toa pini ya kupigia kwenye bolti, ingiza ganda tupu, funga. Inatakiwa bolti ishuke bila kusukumwa.

.416 Rigby ya 1911 haina mkanda, ina bega lililosimama vizuri, kwa hivyo hiyo ni rahisi kuiseti ila kanuni ni ileile.

Kuna dai nyingine ambayo wengi wanaona ni anasa, na kwangu mimi ndiyo ya kwanza kununua baada ya hiyo ya kubana ganda, ile ya kukunja mdomo wa ganda uingie kwenye mfereji wa kichwa. Bunduki kama .458 Lott inarusha kichwa cha greini 500, na kila ukipiga, risasi zilizobaki kwenye magazini zinagonga ukuta wa mbele kwa pua. Kichwa ambacho hakijabanwa kinasukumwa ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua, na presha inapanda risasi hiyo ikifika zamu yake. Dai nyingi za kuketisha zinaweza pia kukunja kwa mkupuo mmoja, lakini maganda yakitofautiana urefu hata kidogo mengine yanakunjwa kupita kiasi na ganda linavimba kiasi ambacho macho hayaoni ila chemba inaona. Kata maganda yote urefu mmoja, ketisha vichwa vyote, ndiyo ukunje kwa dai ya pekee yake. Inachukua muda zaidi, sioni ubaya.

Presi pia iangalie kabla hujalipa. .470 ikiwa kamili ina urefu wa karibu inchi 4, na presi ndogo dirisha lake halitoshi kuingiza ganda na kichwa juu yake. Chukua yenye umbo la O, ile ya C inapanuka ukiweka nguvu. Na dai za maganda manene sana huja na thredi kubwa kuliko 7/8, ya .50 BMG kwa mfano ni inchi 1½, so uliza presi yako kama bushi yake, ile pete yenye thredi inayoshika dai, inatoka.

Mafuta: paka mwilini kidogo sana, yale yenye lanolini ni mazuri, begani usipake, yakizidi yanakosa pa kwenda na yanabonyeza shaba. Usipopaka ganda linakwama na kishikio kinang'oa kitako. Likikwama usipige nyundo! Toboa kitako, kata thredi kwa tepu (kile chuma cha kukatia meno ndani ya tundu), weka washa na bolti ya kawaida uvute taratibu, linatoka na dai inabaki salama.

Kampuni sasa. RCBS, Redding na Hornady zote zina dai nzuri za kaliba za kawaida, na mimi sioni sababu ya kulipia zile za mikromita kwa bunduki ya mbogo. Dai ya kukunja ya Lee ni ya bei nafuu na inafanya kazi vizuri. Ila kwa bunduki ya zamani, .404 Jeffery au .505 Gibbs uliyorithi kwa mzee, chemba zake hazilingani na dai ya boksi kila wakati, pima maganda yaliyofyatuliwa humo kabla ya kuagiza chochote, na vipimo vikikataa kuna watu kama CH4D kule Ohio wanaokereza dai kufuata maganda utakayowatumia. Itakugharimu zaidi na utangoja, lakini hiyo dai itakuwa ya hiyo bunduki.